Dinari yenye visu viwili

Ndugu wakatekumeni, mmekwisha kusikia katika Injili habari za dinari. Ni sarafu ya fedha ya Warumi, na uzito wake ulikuwa karibu gramu 4. Leo tutazame dinari moja iliyopigwa wakati Warumi walipopigana wao kwa wao. Zinazojulikana leo ni karibu 100 tu.

1. Asili ya vita

Warumi walichukia sana jina la mfalme. Katika sarafu za mji wao walitia sura za miungu yao na za wazee waliokwisha kufa. Mtu aliye hai hakutiwa. Lakini mwanzoni mwa mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Julius Caesar, jemadari aliyepewa mamlaka ya kutawala maisha yake yote, alitiwa sura yake katika sarafu. Wakuu wengi waliona ya kuwa ataka ufalme. Tarehe 15 Machi ya mwaka ule walimwua kwa visu barazani. Mmoja wao alikuwa Marcus Brutus, ambaye Caesar alikuwa amemsamehe na kumpa cheo.

2. Sarafu yenyewe

Brutus alikwenda nchi za mashariki, akakusanya jeshi. Askari hutaka mshahara; kwa hiyo sarafu hizi zilipigwa, mwaka wa 43 au 42.

Upande mmoja waonyesha visu viwili, na katikati yake kofia. Ni kofia waliyovaa watumwa walipoachwa huru. Chini yake pameandikwa EID MAR, ndiyo siku ile ya 15 Machi. Maana yake: Caesar amekufa, sisi tu huru.

Sasa igeuze. Twaona nini? Kichwa cha mtu aliye hai, na jina lake: Brutus! Aliyemwua mwenziwe kwa ajili ya uhuru alijitwalia heshima ile ile aliyomlaumu kwayo.

3. Mwisho wake

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 42, Brutus alishindwa na Antonius na Octavianus karibu na Filipi, mji ambao baadaye Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wake barua. Brutus akajiua. Miaka ikapita, Octavianus akabaki mtawala peke yake. Ndiye Kaisari Agusto. Naye na waliomfuata walitia sura zao katika sarafu. Ndiyo sababu dinari ya kodi aliyoonyeshwa Bwana Yesu ilikuwa na sura ya Kaisari.

Basi, visu vilimwondoa Caesar, lakini tamaa ya ukuu ilibaki mioyoni mwa waliomwua.

Maswali

S. Kofia katika dinari hii ni alama ya nini?
J. Ni alama ya uhuru.

S. Brutus alijipinga mwenyewe kwa jambo gani?
J. Alitia sura yake katika sarafu akiwa hai, kama Caesar.