Panapovuma Zaidi Sipo Penye Tundu: Maswali na Majibu Kuhusu Mabomba Yanayovuja

Fundi anasema tuchimbe panaposikika kelele zaidi. Ni sahihi?

Barua kadhaa zimeuliza hili. Nazijibu pamoja kwa sababu imani hii imefukua barabara nyingi bure. Si sahihi. Maji yanayochomoka kwenye tundu hutetemesha bomba, na mtetemo husafiri pande zote mbili. Kwenye chemba ya valvu utausikia vizuri kwa kuwa fimbo ya kusikilizia inagusa chuma. Juu ya tundu lenyewe unasikiliza kupitia udongo, unaomeza sauti. Kona na tii nazo huvuma. Tena tundu dogo lenye presha hupiga mluzi, ilhali bomba lililopasuka vibaya linaweza kupoteza presha na kunyamaza.

Kwa hiyo pimeni muda. Vihisi viwili hubandikwa kwenye bomba, kimoja kila upande wa sehemu inayoshukiwa. Tuseme vimeachana mita 100, na sauti imefika kihisi A sekunde 0.05 kabla ya B. Kwenye bomba la chuma, sauti ikienda mita 1,200 kwa sekunde, tofauti ya safari ni mita 60. Toa 60 kwenye 100, gawa kwa mbili: tundu liko mita 20 kutoka A. Kwenye plastiki, ikienda mita 400 kwa sekunde, tofauti ni mita 20. Tundu liko mita 40 kutoka A. Mkikosea aina ya bomba, mtachimba mita 20 mbali na tundu, na vihisi havina kosa.

Bomba letu ni la plastiki na fundi hakusikia kitu. Haliwezi kuwa linavuja?

Linaweza. Plastiki hufifisha mtetemo upesi, hasa sauti kali, na kubakiza ngurumo nzito ambazo sikio huzikosa. Vihisi visogezwe karibu, au itumike haidrofoni, yaani kihisi kinachogusa maji yenyewe.

Tuna mgao wa maji. Upimaji ufanyike lini?

Usiku kukiwa kimya, maji yakiwa yamejaa bombani na yana presha. Bila presha hakuna sauti.

Kuna mtaalamu anayedai kugundua maji kwa fimbo mbili za waya. Tumlipe?

Msimlipe. Mwaka 2017 kampuni kadhaa za maji Uingereza zilikiri kuwa baadhi ya mafundi wao hutumia fimbo hizo. Kukiri huko hakuzifanyi zifae. Zikijaribiwa kwa haki, hazishindi kubahatisha.

Nyumbani nianzie wapi?

Funga koki zote, hakikisha tangi halijazwi, kisha tazama dira ya maji. Ikizunguka, maji yanapotea upande wako.

Bomba la mtaani hutengenezwa, kisha huvuja tena jirani na hapo. Kwa nini?

Chanzo huachwa: presha iliyozidi, jointi mbovu au bomba lililochakaa. Kabla shimo halijafukiwa, iandikwe aina ya bomba, kipenyo, kina na sababu ya kupasuka. Mamlaka isiyoweka kumbukumbu hizo itanunua vifaa vya bei kubwa na bado itachimba kwa kukisia. Wakazi, idaini rekodi hiyo kama mnavyodai maji.