Algarve: Historia Iliyofichwa katika Majina

Algarve ni eneo la kusini kabisa mwa Ureno, kando ya Bahari ya Atlantiki. Watalii hulifahamu kwa jua na fuo zake. Mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, ana sababu nyingine ya kulichunguza. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu al-gharb, lenye mzizi uleule wa neno magharibi. Albufeira, mji mashuhuri wa kitalii, nao hunasibishwa na al-buhayra, hali ya udogo ya bahr, asili ya neno bahari.

Majina haya ni urithi wa utawala wa Waislamu, ulioanza karne ya 8 na kukoma Faro ilipotekwa mwaka 1249. Watawala walibadilika, majina yakasalia.

Mnamo 1444, mateka 235 kutoka pwani ya Afrika Magharibi waliteremshwa Lagos, bandari ya Algarve, wakagawanywa kama bidhaa, watoto wakitenganishwa na wazazi. Wareno walizidi kusonga mbele, hata wakafika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kutokana na mawasiliano yaliyofuata, Kiswahili kilikopa meza, bendera na gereza. Hili la mwisho kutoka igreja, yaani kanisa.

Mwaka 2009, ujenzi wa maegesho ya magari mjini Lagos ulifukua mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 waliotupwa jaani. Utalii ulikuwa umejengwa juu ya kaburi. Ni dhahiri, basi, kwamba anayechunguza asili ya maneno huweza kuona yale ambayo mandhari mazuri huyafunika.