Kuchukuliana Mizigo ya Moyoni

Kijiji cha Robanda ki katika nchi ya Waikoma, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Waikoma wa kale, kama jirani zao Wanata na Waishenyi, walikuwa na desturi ya marika. Vijana waliotahiriwa katika majira mamoja walikuwa wa rika moja, nalo waliliita saiga, wakawa kama ndugu hata uzeeni. Siku hizi vijana hukutana zaidi shuleni. Basi wanafunzi wenzako ndio rika lako. Je, rika hili lafaa nini?

Mtu akivunjika mguu, kila mtu humwona akichechemea. Lakini aliyeumia moyoni hana jeraha la kuonekana. Huja shuleni, huketi mahali pake, huitikia jina lake. Ila hapati usingizi, hachezi, wala jambo alilolipenda jana halimpendezi tena. Wengine husema, "Mvivu huyu," au, "Amerogwa." Wamekosea. Shirika la Afya Ulimwenguni limesema kwamba katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana ugonjwa wa akili. Huzuni nzito na hofu isiyokwisha ni katika magonjwa hayo, nayo yaweza kutibiwa.

Katika nchi ya Kenya, kijana jina lake Tom Osborn na wenziwe waliona ya kuwa madaktari wa magonjwa hayo ni wachache mno. Wakawafundisha vijana waliomaliza sekondari karibuni, wawe viongozi wa vikundi vya wanafunzi. Kazi hiyo huitwa Shamiri. Wanafunzi walikutana saa moja kila juma, kwa majuma manne, wakajifunza kwamba mtu aweza kubadilika, na kwamba yafaa kuyashukuru mema na kuyatambua mambo wanayoyathamini. Wanafunzi 413 walishiriki katika jaribio moja, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2021. Waliokuwa katika vikundi hivyo walipungukiwa na huzuni na hofu kuliko wenzao waliofundishwa namna ya kudurusu masomo tu.

Kumsaidia mwenzako si kazi ya maneno mengi. Rafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku 7 bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu mno. Hapo walikuwa rafiki wema. Walipofumbua vinywa na kumlaumu, walimwongezea mzigo. Basi mwenzako akiwa na huzuni, keti naye. Mwulize kwa upole. Msikilize mpaka amalize. Usimcheke, wala usiyatangaze maneno yake.

Lakini iko siri moja isiyofichwa. Mwenzako akikuambia ya kuwa ataka kufa, au kwamba yuko mtu anayemdhuru, usimwache peke yake. Mwambie mwalimu, au mtu mzima mwingine unayemwamini, siku ile ile, ili apate kulindwa na kupelekwa hospitali. Huenda akakukasirikia. Hasira itapoa; uhai ukipotea haurudi.

Maswali
1. Saiga ni nini?
2. Twawezaje kumtambua mwenzetu aliyeumia moyoni?
3. Rafiki za Ayubu walifanya vema wapi, wakakosea wapi?
4. Ni siri gani isiyofaa kufichwa, na kwa nini?