Mionzi na Mageuko ya Wanyama: Tahadhari juu ya Neno "Ili"

Tunapofundisha mageuko katika somo la sayansi, aghalabu mwanafunzi hujibu hivi: "Wanyama waliopatwa na mionzi walibadilika ili waweze kuistahimili." Jibu hili huvutia, na mwalimu asipokuwa macho hulitia alama ya vema. Hata hivyo, kosa limejificha katika neno dogo "ili".

Mwaka 1927 Hermann Muller, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kuwa eksirei huzidisha mabadiliko ya ghafla katika chembe za urithi za nzi wa matunda. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Lakini mabadiliko hayo hayakuwa na lengo. Mengi yalidhuru, hata kuua. Tena, badiliko hurithiwa endapo tu limeingia katika mbegu za uzazi. Lililo katika ngozi hufa pamoja na mwenyewe.

Basi, mionzi yaweza kuleta tofauti, lakini uteuzi wa asili ndio uamuao ipi idumu. Tutazame vyura wa mitini wa Chernobyl, Ukraine, ambako kinu cha nyuklia kililipuka mwaka 1986. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vyura wa eneo hilo ni weusi kuliko wa nje yake. Watafiti wanakisia kwamba vyura weusi walikuwapo hata kabla ya ajali. Rangi yao iliwakinga, wakaishi na kuzaa zaidi ya wenzao wa kijani. Kama ndivyo, hapo mionzi ilikuwa chekecheke, haikuwa mfinyanzi.

Darasani yafaa tufanye zoezi hili. Tutandaze kitambaa cheusi, tutawanye juu yake maharage meupe 36 na meusi 4. Wanafunzi, wakiwa "ndege", waokote upesi moja moja hadi yabaki 20. Kila punje iliyobaki iongezewe mwenzake wa rangi ile ile. Turudie mara tatu, tukihesabu na kuandika ubaoni.

Kisha tuulize: "Je, ipo punje iliyogeuka rangi?" Hakuna, kilichogeuka ni hesabu ya kundi.

Hatuna budi kulisahihisha kosa hili mapema. Mtoto aaminiye kuwa kiumbe hubadilika kwa sababu anahitaji, kesho ataamini kuwa mwili wake utaizoea sumu.