Mwarobaini, madini ya fedha na kidonda cha mguu

SWALI: Daktari, mume wangu ana kisukari, na kidonda chake cha mguuni kinaingia mwezi wa pili hakijapona. Kijana mmoja mtaani anauza chupa ya maji ya kahawia, anasema ni madini ya fedha na mwarobaini, dawa ya "nano", na kwamba mgonjwa akiinywa aache vidonge vya hospitali. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole sana kwa kuuguza.

Sayansi hiyo ipo. Mwaka 2004 watafiti wa Pune, India, walichanganya maji ya majani ya mwarobaini na chumvi ya fedha iliyoyeyushwa. Kemikali za jani huipa fedha elektroni, ikajikusanya kuwa chembe, kisha huzivika chembe hizo zisigandane. Jambo hilo unaliona kwa macho: maji ya manjano hafifu yanageuka taratibu kuwa kahawia. Unywele mmoja una unene wa karibu nanomita 80,000; chembe ya nano haizidi 100.

Tangu hapo chembe za namna hii zimebebeshwa antibiotiki kama siprofloksasini. Fedha hudhoofisha ukuta wa bakteria, antibiotiki ikapata njia. Naiombea kazi hii ifanikiwe, maana mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Lakini sehemu kubwa ya majaribio bado ni ya maabara na wanyama. Tena jani la masika si sawa na la kiangazi. Kemikali zikitofautiana, chembe nazo hutofautiana, na hapo kupima dozi ni kazi ngumu.

Ya kwenye chupa hiyo nani ameyapima? Rangi ya kahawia haithibitishi kitu. Asiyanywe, wala msiyamwagie kidonda. Fedha ikijaa mwilini hugeuza ngozi kuwa ya kijivu na samawati, na rangi hiyo haitoki.

Vidonge asiache. Mrudishe hospitali wiki hii, uende na chupa hiyo wauguzi waione. Omba kidonda kichukuliwe sampuli ya kuotesha, ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamuua. Wapime sukari na kama damu inafika vidoleni. Ukiona weusi, harufu mbaya, homa au wekundu unaopanda mguuni, mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.