Hesabu Kanuni, Si Rekodi

Swali: Programu yetu ya kupangia pensheni za Marekani imefaulu majaribio yote. Nitajuaje kama data ya majaribio ina mapengo?

Jibu: Wingi wa rekodi usikudanganye. Orodhesha kila kanuni na mipaka yake, kisha tafuta rekodi inayogusa kila mpaka. Kwa mfano, pensheni kamili ya Social Security huanza katika umri wa miaka 67 kwa waliozaliwa 1960 na baadaye. Lakini aliyezaliwa Januari 1, 1960 huhesabiwa kuwa wa 1959, hivyo huanza akiwa na miaka 66 na miezi 10. Je, mtu kama huyo yumo katika data yako ya majaribio? Utaambiwa data ya wateja halisi inatosha. Haitoshi, kwa sababu wengi wao wana hali za kawaida, ilhali hitilafu hujificha mipakani. Kanuni isiyo na rekodi haijajaribiwa.