Safari hii mgonjwa ni wewe

*Shangazi, mwanangu wa miaka sita ana usonji na hasemi. Usiku halali, nami nakesha nikilinda mlango asitoroke. Baba yake huja mwisho wa mwezi. Mama mkwe anasema nimeleta laana bomani. Juzi niliwaza nimwache mtoto nijiendee, nisirudi tena. Je, mimi ni mama mbaya?*
*Mama mchovu, Kimuka*

Pole, binti yangu. Hapana, si mama mbaya. Asiyelala miezi na miezi huwaza mambo ambayo si yake. Ila wazo hilo usilifiche. Likigeuka kuwa la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kuche: piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Kisha nenda hospitali ya Ngong, na safari hii usijitambulishe kama mama wa mgonjwa. Sema mgonjwa ni wewe: hulali, unalia, umechoka kuishi hivi. Uchovu wa namna hiyo una matibabu.

Sasa mama mkwe. Wa kumlaumu mama hawako Kajiado peke yake. Kule Marekani msomi Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima mwaka 1967 akidai ubaridi wa wazazi ndio chanzo cha usonji. Alikosea vibaya, na akina mama wengi waliumia bure. Usonji unatokana na jinsi ubongo unavyokua tangu tumboni, na urithi una mchango mkubwa, urithi wa pande zote mbili (hilo la pande mbili usimwambie leo). Usibishane naye, mpe zamu. Nyanya anayeshinda na mjukuu saa mbili wewe ukilala ananifaa kuliko nyanya aliyeshindwa hoja.

Baba mtoto naye asije nyumbani kama mgeni. Usiku wake wa kwanza, mlango ni wake. Wewe lala chumba kingine, hata ukisikia kelele.

Kuhusu mtoto, ulizia kituo cha serikali cha tathmini ya elimu maalum, na umsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Watafute pia wazazi wenzako. Chama cha Usonji cha Kenya kipo tangu 2003. Lakini hayo yanaweza kungoja wiki mbili. Hospitali haingoji. Nenda wiki hii, kabla baba mtoto hajarudi, na uniandikie walivyokuambia.